Ekseli ya Lori la Baba Mkwe

2 Machi

Kwako Baba Mkwe,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama na wote mlio nao hapo nyumbani. Sisi huku hatujambo. Goti la mama yangu limepungua uvimbe, sasa anafika bombani peke yake, ingawa akishafika huko anaita watu wote waje wamsaidie ndoo. Paa la jikoni nimeliziba. Jirani yetu fundi cherehani amehamia mtaa wa pili, kwa hiyo ukuta wa upande ule siku hizi uko kimya kabisa.

Mpe mjukuu wako salamu zangu. Vile viatu vyake alivyoviacha vitakuwa vimeshakuwa vidogo, lakini nimevitunza.

Kilichonifanya nishike kalamu ni gari. Pikapu imelala tangu mwezi wa kwanza. Shafti ya gurudumu la nyuma ilikatika kwenye mlima wa machimbo nikiwa na mawe, na ilipokatika iliharibu na meno ya difu, pale katikati ya ekseli. Fundi wa hapa ameniambia ekseli ile ilitengenezwa kubeba mboga, si mawe, na kwamba nikinunua nyingine kama hiyo nitarudi palepale. Ndipo nikalikumbuka lori lako lililo bandani. Ekseli yake ya nyuma ni ya tani tatu, na nimeambiwa kwamba fundi mwenye subira anaweza kuifunga chini ya pikapu yangu.

Najua lile lori lina heshima yake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mimi nimebaki hata bila koleo. Ukiona inafaa, ningeomba ekseli hiyo nzima, pamoja na difu na ngoma za breki.

Nawasalimu wote walioko hapo, kila mmoja.

Mimi mkweo.


21 Machi

Mkwe wangu,

Marahaba. Barua yako ilichelewa kwa sababu mwenye duka la dawa, ambaye hutupokelea barua, aliitumia kusawazisha mguu wa mizani yake. Nilipoipata ilikuwa na alama ya chuma katikati, lakini inasomeka.

Sisi tuko salama. Mama yako mkwe alinunua kuku watatu. Wawili wamekufa na wa tatu anamwangalia kwa lawama. Mjukuu wangu anazungumza kama spika ya mnadani. Jana aliniuliza kwa nini nywele zimeniota masikioni na kichwani hakuna. Salamu zako nilizisoma kwa sauti mezani. Waliokuwepo wamezipokea. Mmoja aliendelea kula.

Sasa gari. Lori lile lilisomesha watoto wangu wote na kunijengea nyumba ninayokaa. Kila mwaka mama yako mkwe husema niwaite watu wa vyuma chakavu, na kila mwaka nasema litaamka. Nikitoa ekseli, haliamki tena. Kwa hiyo usitarajie jibu la leo.

Lakini kuuliza si kutoa. Nipimie umbali kati ya springi na springi. Nipimie na propela, kutoka gia boksi mpaka kwenye difu, gari likiwa limesimama chini na wala si kwenye jeki. Niambie ringi zako zina nati ngapi.

Halafu nieleze ilikatikaje. Chuma hakikatiki ghafla. Huchoka kwanza, na kikichoka hulia, na kikilia mtu huwa amesikia. Ekseli kubwa ni miguu mikubwa tu. Kichwa kinabaki kilekile.

Baba mkwe wako.


6 Aprili

Kwako Baba Mkwe,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kwamba mjukuu wako anazungumza. Alipokuwa hapa alikuwa anataja majina ya vitu tu. Pole kwa Mama na kuku wake.

Vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi hii na kuchora picha, nawe utanisamehe kwa mchoro. Kwa makadirio yangu ekseli yako ni pana kuliko yangu kwa kiganja kimoja kila upande, hivyo vikalio vya springi itabidi vikatwe na kuchomelewa upya ndani zaidi. Propela itafupishwa. Ringi zangu zina nati tano na zako sita, kwa hiyo nitatembea na matairi mawili ya akiba, moja la mbele na moja la nyuma, kama mtu mwenye wake wawili.

Umeuliza ilikatikaje. Mzigo ulikuwa wa kawaida. Sauti nadhani ilikuwepo, ila barabara ya machimbo ina sauti nyingi. Ilipokatika, gari lilirudi nyuma kidogo likasimama. Hakuna aliyeumia vya kusema.

Kwa sasa nabeba mawe kwa mkokoteni wa kukodi. Mgongo unanifundisha adabu.

Wasalimie wote. Kama kuna mwenye neno la kuniambia, mwambie nitalipokea.

Mimi mkweo.


29 Mei

Mkwe wangu,

Nimechelewa, na safari hii mizani ya duka la dawa haihusiki. Nilichelewa makusudi.

Huku hatujambo. Mvua imekatika. Mjukuu wangu alipata homa akapona, na kovu lake la kwenye nyusi sasa halionekani isipokuwa jua likimpiga upande. Hukuniambia lilitoka wapi. Hakuna aliyeniambia.

Binti yangu aliposhuka kwenye basi mwezi wa pili akiwa na mtoto na begi, nilimwuliza mara moja tu. Alisema, "Baba, nimekuja kupumzika," akaenda kufua. Sikumwuliza tena. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wewe nawe ukaniandikia habari za ekseli, nami nikakujibu habari za ekseli, tukaendelea hivyo kama watu wanaobebana gizani.

Mwezi uliopita alisimama kwenye kibanda cha chai hapa dereva mmoja wa tipa anayechukua mawe machimbo yaleyale. Alikuwa anahadithia watu, hajui mimi ni nani kwako. Alisema mawe yalikuwa yamepita ubao wa juu. Alisema shafti ilikatika kwa mlio ambao yeye aliusikia akiwa nyuma sana. Alisema hendibreki ilikuwa imekufa siku nyingi na kila mtu machimboni alijua, kwa sababu ulikuwa unatembea na jiwe la kuwekea gurudumu. Ulishuka kuliweka hilo jiwe. Lilikuwa na tope, likateleza. Gari likarudi nyuma mpaka kwenye ukuta wa ghala, na ndani yake alikuwamo mwanamke kiti cha abiria, na mtoto mapajani.

Hiyo ndiyo "kidogo" yako.

Yule mwanamke alikulia chini ya magari yangu. Alikuwa akitambua difu mbovu kwa sikio kabla hajajua kusoma. Siamini kwamba hakusikia, na sidhani kama alinyamaza. Waliosema asiyesikia la mkuu huvunjika guu hawakuwa na magari. Wangekuwa nayo wangesema ekseli.

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikatangaza mezani kwamba ekseli haitoki. Sasa nakuandikia kukuambia kwamba imetoka. Sikuitoa mimi, mgongo wangu haufiki tena chini ya gari. Imesafishwa, imetiwa beringi na sili mpya, na imeondoka leo kwa lori la mizigo. Usiniulize aliyeitoa.

Uifunge hivi. Vikalio usivichomelee moja kwa moja. Vishike kwa nukta mbili tatu za moto, ushushe gari, uweke uzito juu yake, ndipo upime difu imeinamaje ikilinganishwa na gia boksi. Pembe hizo mbili zisipokubaliana propela itatetemeka mpaka ijing'oe. Ukisharidhika, mchomeleaji amalize. Mabomba ya breki yawe mapya. Na ukumbuke kwamba springi zako ni zilezile. Ekseli ya tani tatu chini ya springi za tani moja ni gari la tani moja bado.

Baba mkwe wako.


27 Juni

Kwako Baba Mkwe,

Shikamoo. Mama yangu anawasalimu. Goti limemrudia kidogo kwa baridi hii. Nimefurahi kwamba homa ilipita.

Ulivyohadithiwa ndivyo ilivyokuwa. Difu ililia wiki nzima na niliambiwa. Nilisema ni barabara.

Ekseli imefika salama. Ilikuwa imefungwa gunia na kamba, na ncha zote zimezibwa kwa mbao ili vumbi lisiingie. Nati na boliti zilikuwa zimefungwa pamoja ndani ya kitambaa ninachokijua. Ni kipande cha gauni ambalo mtu alilivaa siku tulipohamia nyumba hii. Nati nimezitoa. Kitambaa nimekifua na kukianika.

Kazi nimefanya na fundi mmoja wa hapa anayeitwa Kibogoyo. Hana jino la mbele hata moja, na kazi yake ni meno ya difu. Watu wamemaliza utani wote juu ya hilo, kwa hiyo sitarudia. Tulikata vikalio vya zamani, tukaweka vipya ndani zaidi, tukavishika kwa nukta za moto kama ulivyosema. Tulipakia matofali kwa uzito. Difu ilikuwa imeinama kupita kiasi, tukavikata vile vikalio na kuanza upya. Mara ya pili ilikaa. Kibogoyo alipima, akapima tena, akasema, "Sasa hawa wawili wanatazamana." Propela ilikwenda kwa fundi wa kukereza, ikafupishwa na kusawazishwa. Mabomba ya breki ni mapya yote. Boliti za kushikia ekseli tulichonga nyingine ndefu kwa sababu mwili wa hii ni mnene.

Jana niliitoa barabarani bila mzigo. Imepanda juu kidogo kwa nyuma, mtu anaweza kudhani inataka kuinama inywe maji. Kwenye mbio ni nzito, meno yake ni ya kupanda milima. Kwenye kupanda haina neno.

Nadhani imekamilika. Wasalimie wote, na aliyefunga nati mwambie zimetimia.

Mimi mkweo.


9 Julai

Mkwe wangu,

Tuko salama wote.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikampa mwingine aisome. Umeandika vikalio, propela, boliti, mabomba ya breki, hata mkao wa gari umeuandika. Hujaandika hendibreki.

Ekseli hiyo haina hendibreki kwenye magurudumu. Lori langu lilikuwa linashikwa na ngoma iliyo nyuma ya gia boksi. Najua unachofikiri sasa: utatafuta ngoma kama hiyo uifunge hapo. Usifanye hivyo. Ngoma ile hushika shafti. Shafti ikikatika, hushika hewa.

Usiniandikie tena mpaka uwe na la kusema juu ya hilo.

Baba mkwe wako.


18 Agosti

Kwako Baba Mkwe,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Sisi hatujambo. Nimechelewa kwa sababu sikuwa na la kusema, na sasa ninalo.

Barua yako iliponifikia tayari nilikuwa nimesharudi kazini. Nilikuwa na jiwe la kuwekea gurudumu, safari hii la pembe tatu, nimelichagua vizuri. Nilijiambia hendibreki nitaifunga mvua zikianza, kazi zikipungua. Niliposoma barua yako nilikuwa nimekaa ndani ya pikapu machimboni, nasubiri zamu ya kupakia, na jiwe liko miguuni pangu. Nikageuza gari nikarudi nyumbani tupu.

Nimezunguka kwa wauza vyuma chakavu wote. Mwishoni nilipata sahani za breki za gari jingine la mizigo, zenye wenzo wa kuvutia viatu vya breki kwa kebo, moja kila gurudumu. Matundu hayakulingana na ya ekseli yako, Kibogoyo akatoboa mengine. Kebo ndefu za kutosha hazikupatikana. Fundi wa baiskeli na wa pikipiki walicheka. Yule anayetengeneza kebo za mashine za shambani ndiye aliyenitengenezea mbili, moja ndefu kuliko nyingine, kwa sababu difu haiko katikati kamili. Zote mbili zinakwenda kwenye wenzo mmoja wa katikati, na huo unavutwa na mkono wa ndani. Nikivuta, magurudumu yote mawili yanashika. Nimeijaribu bila mzigo na kwa mzigo.

Jiwe nimelijengea kwenye ukingo wa kisima.

Baba, nimekuwa nikikuandikia tangu mwezi wa tatu na sijawahi kuuliza nilichotaka kuuliza. Naomba ruhusa nije kuonana na mke wangu.

Mimi mkweo.


30 Agosti

Mkwe wangu,

Sisi tuko vizuri. Mjukuu wangu ameanguka kutoka kwenye kitanda changu akacheka mwenyewe.

Ruhusa si yangu. Nilimwita mwenzio nikamwambia, "Mumeo anaomba kuja." Alikuwa anapanguza sahani. Akasema, "Asije."

Nikasema, "Nimwandikie hivyo?"

"Mwandikie hivyo. Mwandikie nitakwenda mimi."

"Kurudi?"

"Kuangalia."

Nikamwambia ekseli si kitu cha kwenda kuangalia kwa basi, na kwamba mimi ningeweza kuuliza zaidi kwa barua. Alicheka, na ni siku nyingi sijamsikia akicheka. Akasema, "Baba, wewe na yeye mmeandikiana habari za difu miezi sita. Ningewaachia nyinyi, mtoto angeolewa mngali mnapima propela."

Basi nikuambie na mengine, maana nimeshachoka kuyabeba. Ile asubuhi baada ya kutangaza kwamba ekseli haitoki, nilisikia nyundo bandani. Nilimkuta chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana. Nilimwambia nilichokisema jana yake. Akanijibu kutoka chini huko, "Nimesikia. Nipe spana kubwa." Nikampa. Alifanya kazi siku nyingi, na sikumwuliza kama anakutolea wewe ekseli au anaitoa tu ili kitu fulani kilegee. Mpaka leo sijui.

Atakuja wiki ya tatu ya mwezi ujao. Mtoto atabaki nasi. Usimpikie makubwa na usimwite mtu wa kuwasuluhisha.

Baba mkwe wako.


22 Septemba

Kwako Baba Mkwe,

Shikamoo. Mtakuwa mmeshampokea, na huenda ameshawaambia yote au hakusema lolote. Nakuandikia nilivyoyaona mimi.

Alifika mchana. Alimwamkia mama yangu, wakakaa kidogo wakaongea habari za goti. Alikunywa maji. Kisha akaniomba ovaroli langu la zamani, akalivaa juu ya nguo zake, akalala chini ya gari. Mimi nilichuchumaa pembeni na tochi.

"Hapa nani kachomelea?"

"Kibogoyo."

"Na hapa?"

"Mimi."

"Inaonekana."

Akavuta kebo moja moja kwa mkono. Akaniambia nipande nivute hendibreki, niachie, nivute tena. Alikaza nati moja ambayo nilidhani imekaza. Alipotoka alijifuta mikono, akasema, "Twende machimboni. Ukapakie."

"Kiasi gani?"

"Kama siku ile."

Nikamwambia kwamba wewe ulikataza, springi ni zilezile. Akasema, "Najua alichokataza Baba. Ni mara moja."

Nilipakia mpaka juu ya ubao. Watu wa machimbo walitutazama, wanatukumbuka. Nilipofungua mlango wa dereva alikuwa tayari amekaa.

"Nipande wapi?" nikauliza.

"Nilipokaa mimi."

Alishuka nalo mpaka chini kabisa, akaligeuza, akaanza kupanda mlima. Gari lilipanda bila kelele. Katikati, mkabala na lile ghala, alisimama. Alivuta hendibreki, akatoa gia, akazima injini. Kisha akashuka, akafunga mlango, akaenda kusimama pale ukutani, mikono nyuma.

Nilibaki peke yangu. Baba, mawe yaliyopakiwa upya hujipanga. Yalikuwa yanasogea nyuma yangu, moja, kimya, kisha jingine, na kila lilipogonga nilidhani gari limeanza kwenda. Yeye hakunitazama mimi, alikuwa anatazama gurudumu. Sikujua nitakaa pale mpaka lini na sikuthubutu kuuliza.

Halikusogea.

Alirudi, akafungua mlango, akakaa. Akauliza, "Ulishika nini?"

Nikatazama mkono wangu. "Kitasa cha mlango."

"Mimi nilikuwa nimemshika mtoto," akasema. "Mkono wa kushika kitasa sikuwa nao."

Akawasha gari tukapanda mpaka juu. Huko juu akaniambia nipunguze mawe, tukayapunguza mpaka akasema basi, tukayapeleka kwa mwenyewe.

Alilala chumba cha mama yangu. Asubuhi nilimsindikiza kituoni. Nikamwuliza kama atarudi. Akasema, "Gari limeshika."

Nikasema, "Sikuuliza habari za gari."

Akasema, "Najua," akapanda basi.

Sasa nangoja.

Mimi mkweo.


6 Oktoba

Mkwe wangu,

Hatujambo. Lori nimeliuza kwa watu wa vyuma chakavu. Walikuja na winchi, wakalinyanyua bila shida kwa kuwa halikuwa na miguu ya nyuma. Mama yako mkwe alisimama mlangoni akitazama, nami nilitegemea atasema "nilikuambia." Badala yake aliingia ndani akakaa. Banda limebaki wazi na mimi nimeanza kulala humo mchana.

Mwenzio aliporudi alikaa siku kadhaa bila kuzungumzia safari. Juzi tulikuwa tunakunja nguo, akasema, "Baba, mwisho wa mwezi narudi kwangu."

Nikamwuliza kama amekusamehe. Akasema hajui, jambo hilo anaona litakuja au halitakuja njiani huko, lakini kukaa hapa halitakuja kabisa. Nikamwuliza kama kuna sharti.

"Lipo," akasema. "Nitaendesha mimi. Mzigo nitapima mimi. Yeye apakie."

Nikamwambia mwanamume hatakubali hilo mbele ya watu wa machimbo. Akasema, "Basi atabaki na ekseli yake."

Nimekufikishia. Jibu umpe yeye, usinipe mimi. Lakini kwa kuwa ni barua yangu, naongeza langu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wewe uliwahi kusema mawe yale ni mzigo wa kawaida. Ekseli nilikupa mimi. Huyu sikukupa. Alikuja kwako kwa miguu yake, akarudi kwangu kwa miguu yake, na sasa anakuja tena. Mimi sina chuma kingine cha kukutumia.

Baba mkwe wako.


17 Novemba

Kwako Baba Mkwe,

Shikamoo, wewe na Mama. Wote huku hatujambo. Mjukuu wako amemfundisha mama yangu wimbo mmoja, nao wanauimba wote wawili kutwa, na mama yangu hajui maneno. Mwenzangu anawasalimu. Anasema ataandika mwenyewe, lakini jioni anakuwa amechoka.

Kazi inakwenda. Tunafanya safari nyingi zaidi kwa mawe machache zaidi, na mwisho wa wiki si tofauti sana na zamani, ila gari haliingii gereji. Siku za kwanza watu wa machimbo walisema waliyoyasema. Mmoja aliniuliza kama nyumbani nako nakaa kiti cha abiria. Nikamwambia huko hata kiti sina. Walicheka, na baada ya hapo wakapata mwingine wa kumcheka.

Kati yetu wawili mambo yako hivi: tunazungumza habari za barabara, za mtoto, za nini kimekwisha jikoni. Siku nyingine tunazungumza na mengine. Siharakishi.

Juzi mwenye jengo tunalolipelekea mawe alikuja mwenyewe machimboni. Alikuwa na haraka, mafundi wake wamekaa bure. Alisimama karibu yangu nikiwa napakia, akatazama ubao, akasema, "Ongeza kidogo. Gari lenyewe naona limetiwa miguu ya lori."

Nikamwambia, "Mwulize dereva."

Akatazama huku na huku. "Dereva yuko wapi?"

Alikuwa ndani, mkono mmoja nje ya dirisha, ananitazama kwenye kioo. Nikaliweka chini jiwe nililokuwa nimelishika, nikafunga ubao wa nyuma, nikaenda upande wangu nikapanda.

Mimi mkweo.